Mtafiti Haingilii

Kwanza niseme wazi, shemeji yangu si mtu mbaya. Watu wakisikia habari ya lile grupu wanadhani ana roho ya kutu, lakini hapana, yule ni profesa tu. Ukiishi na profesa utaona kuna mambo ambayo akiyafanya mtu mwingine utamwita mchawi, lakini yeye ukimuuliza anakwambia ni mbinu ya utafiti.

Mimi ni mdogo wa mkewe. Nashona mapazia. Chumba changu cha kushonea kiko nyuma ya nyumba yao, kimepakana na chumba chake cha kusomea, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwitikia. Kwa hiyo nikikusimulia habari zake usidhani nimehadithiwa. Nimezisikia kwa masikio yangu haya mawili, mashine ikiwa imezimwa.

Anafundisha chuo kikuu, kwenye kitivo cha fasihi, historia na falsafa, ghorofa ya juu kabisa, ambako lifti ilikufa zamani na printa inaelekea hukohuko. Somo lake ni vyombo vya habari na utamaduni wa mitandaoni. Mama yetu alipoelezwa hivyo aliona ni maneno mengi, akawatangazia majirani kwamba mkwe wake ni daktari wa simu. Basi. Tangu siku hiyo watu wanaleta simu. Kioo kimepasuka, chaji haikai, spika inakwaruza, wote mlangoni kwetu. Na Profesa, badala ya kuwaambia wamepotea njia, anawakaribisha ndani na kuwauliza huo ufa wa kioo umebadilisha vipi uhusiano wao na picha za wajukuu. Mzee mmoja muuza viatu alijibu maswali hayo asubuhi nzima, akaondoka na simu yake mbovu vilevile, akasema hajapata kutibiwa na daktari anayesikiliza namna ile.

Chuoni wanafunzi wanamwita Profesa Maua. Unazijua zile picha watu wanazotumiana asubuhi, waridi lenye umande, kikombe kinachofuka moshi, na maandishi ya kukutakia siku njema yenye baraka tele. Wewe na mimi tunazifuta simu ikijaa. Yeye anazitunza. Amezipanga kwa aina ya ua, kwa rangi na kwa umri wa aliyetuma, na ameandika makala juu yake kwenye jarida ambalo dada yangu anasema lina wasomaji wawili, na mmoja ni mumewe akikagua kama wamekosea jina lake. Sebuleni tuna televisheni tatu, na mbili ni zile za chogo ambazo hazioneshi kitu. Ukitaka kuzitupa anakuuliza kama ungemtupa bibi yako. Tamthilia ikianza, sisi wote tunalia kwa sababu mke wa tajiri amefukuzwa na mabegi yake, yeye amekaa pembeni anatutazama sisi. Haangalii televisheni, anaangalia nani ameanza kulia na nani amefuatia.

Siku moja nilimwambia, "Shemeji, nawe lia basi, au walau nipitishie kitambaa." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mtafiti haingilii, shemeji." Kitambaa kilikuwa mapajani pake.

Sasa niingie kwenye jambo langu, maana hili lilikuwa langu, si lake.

Friji yetu iliharibika, akaletwa fundi. Mtu mpole, alifiwa na mkewe miaka mingi nyuma, mikono mikubwa, sauti ndogo, anaongea na friji kama anabembeleza mtoto anywe dawa. Akaitengeneza. Wiki iliyofuata ikaharibika tena, akaja. Ikaharibika tena, akaja. Sitaki kukuficha, nilikuwa nachomoa waya. Mara ya mwisho aliinama nyuma ya friji, akakaa huko kidogo, akauchomeka, akainuka akajipangusa magoti. "Ugonjwa huu naufahamu," akasema. "Itabidi niwe napita kila Jumamosi." Mimi nina miaka arobaini na ushei. Nimeshachumbiwa na uchumba ukavunjika, nimeshaambiwa muda umepita na watu ambao hata saa hawavai. Lakini siku ile niliingia chumbani kwangu nikashona pazia la watu ndani nje, nikalifumua huku nacheka peke yangu. Nilimpenda fundi yule. Nalisema mapema ili baadaye usinihukumu vibaya.

Fundi ana dada yake mkubwa aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Ni nesi mstaafu, alikuwa mkuu wa wodi, na mpaka leo akiingia mahali watu wananyoosha shuka hata kama wamekaa kwenye viti. Tunamwita Nesi Mkuu. Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana Fundi anainamisha kichwa na jambo limekwisha. Ndugu zao wametapakaa miji mbalimbali na wetu vivyo hivyo, kwa hiyo wakubwa wakakubaliana mazungumzo ya posa yafanyike kwenye grupu la simu. Admini awe nani? Mama akasema, "Tuna daktari wa simu ndani ya nyumba, mnauliza nini?"

Profesa alifurahi kumpita bwana harusi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akitafuta grupu la koo mbili zinazoanza kujuana, azione tangu salamu ya kwanza. Siku hiyohiyo akatuma ujumbe mmoja unaoteremka tu kama ngazi za chuo chake. Alieleza kwamba yeye ni mtafiti, kwamba mazungumzo yetu yataingia kwenye utafiti wake, kwamba majina hayatatajwa bali kila mtu atapewa namba, na kwamba asiyeridhia ana haki ya kusema. Nani asome? Watu waliona urefu, wakaona neno "heshima" hapa na "unyenyekevu" pale, wakajua ni dua. Wakajibu mmoja mmoja. Amina. Amina. Amina sana, baba. Mjomba wetu akaongeza na viganja viwili vilivyounganishwa. Profesa akaja mlangoni kwangu, simu ameikumbatia kifuani, machozi yanamlengalenga.

"Wameridhia wote, shemeji," akasema. "Hata mmoja hajakataa."

Mwanzoni mambo yalikwenda. Nesi Mkuu aliendesha grupu kama wodi, asubuhi anapita na salamu, anauliza nani hajaitikia na kwa nini. Ubishi ulikuwa ni harusi ifanyike lini. Yeye alitaka upesi, Mama alitaka tusubiri mvua zipite. Kila Mama akianza kubisha, Nesi Mkuu anatuma sala ndefu ya kuzibariki nyumba zetu, na huwezi kubishana chini ya sala, unasema Amina unanyamaza. Mama naye haandiki, anatuma sauti. Anaanza kurekodi akiwa anaosha vyombo, anasema neno moja la maana, anasahau kama anarekodi, anaosha mpaka sufuria. Fundi wangu alikuwa anatuma dole gumba. Ukimsalimia, dole gumba. Ukimuuliza ukumbi au uwanjani, dole gumba. Mimi nilikuwa humo ndani nikijifanya sina habari, na simu nimeiegemeza kwenye mashine.

Na Profesa kimya. Hajasalimia, hajasema karibuni, hajasema lolote tangu ile dua yake. Ila ukutani nilikuwa namsikia ananong'ona, maana kumbukumbu zake za utafiti haziandiki, anazisema. Alikuwa amefungua grupu la pili ambalo mwanachama ni yeye peke yake, ili ajitumie sauti zake humo. Na kwa kuwa anapenda vitu vyake vifanane, grupu la posa na hilo lake la siri aliyawekea picha ileile. Waridi jekundu lenye umande.

Umeshaelewa. Mimi nilichelewa kuelewa.

Ilikuwa mchana, nashona kwa mkono pindo la pazia la ukumbi. Nikamsikia anaongea ukutani kama kawaida, halafu akanyamaza. Kidogo simu yangu ikalia, kuna sauti imeingia kwenye grupu, na imetoka kwa Profesa. Nikashangaa, leo bubu kasema. Nikabonyeza.

"Mshiriki wa nne," Profesa anasema kwa sauti yake ya darasani, "dada wa bwana harusi mtarajiwa, hutumia sala kama kengele ya kufungia mjadala. Hoja ikimwendea vibaya huleta baraka, na hakuna mwenye ubavu wa kupinga baraka. Huu ni ubabe uliokomaa, uliovishwa unyenyekevu. Ni mfano bora kuliko yote niliyowahi kukutana nayo." Akakohoa. "Mshiriki wa pili, mama mkwe wa mtafiti. Sauti zake ni vyombo zaidi kuliko maneno. Mshiriki wa sita, bwana harusi mtarajiwa. Dole gumba. Mtafiti bado hajabaini kama ana maoni."

Nilitoka mbio, pazia linanifuata nyuma, sindano inaning'inia. Nikamkuta ametulia kwenye kiti, hana hili wala lile, anakunywa maji.

"Futa," nikamwambia. "Futa hiyo sauti."

"Sauti gani?"

"Hiyo uliyoituma kwenye posa yangu."

Akaitazama simu. Akalitazama waridi la kwanza, akalitazama la pili. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, na katika kubonyeza kwake akaifuta kwenye simu yake tu, sisi wengine wote tukabaki nayo. Huyo ndiye daktari wa simu.

Tukiwa tumesimama pale, tukaona Nesi Mkuu anaandika. Ujumbe ukaingia. Mungu aibariki sana familia yenu yote, aizidishie hekima na ailinde na maradhi. Chini yake yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu, kwamba amejitoa kwenye grupu.

"Umeona?" Profesa akanong'ona. Namwangalia, macho yanamng'aa. "Umeona alichofanya, shemeji? Sala, halafu mlango. Kaufunga mjadala kabisa."

Siku hiyo nilimtolea uvivu. Maneno yenyewe siyarudii hapa, watoto wake wasije wakayasikia.

Baada ya hapo grupu likafa. Nasema likafa. Upande wao hakuna aliyeandika, upande wetu hakuna aliyethubutu. Mama alituma sauti moja tu, humo hamna neno hata moja, ni vijiko vinatupwa kwenye karai. Fundi akanipigia jioni. "Dada amesema hana cha kusema," akaniambia. "Na mimi sijawahi kubishana naye. Sijui hata ningeanzia wapi." Nikamwambia sawa, nimeelewa. Nikakata simu, nikakaa kitandani nikalia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti ambacho kinakuumiza mbavu. Jumamosi ikafika, friji ikanguruma vizuri na hakuna aliyekuja kuitazama. Kitumbua changu kimetiwa mchanga, na aliyekitia yuko upande wa pili wa ukuta.

Na alikuwa anafanya nini huko? Nilimsikia. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," alikuwa anasema taratibu. "Kichwa kizuri cha makala. Kimya cha pamoja, koo mbili, hakijawahi kuandikwa." Mtu ameniharibia ndoa na amepata kichwa cha makala.

Nikaenda nikasimama mbele ya meza yake. Nikamwambia aende kwa Nesi Mkuu akaombe radhi, kwa miguu yake na kwa mdomo wake.

"Shemeji, nimeumia kama wewe," akasema, na naamini alisema kweli. "Lakini nikiingilia sasa nitaharibu kila kitu. Kimya hiki lazima kivunjwe na wenyewe. Mtafiti—"

"Ukilimaliza hilo neno nakushona mdomo."

Hakulimalizia. Lakini hakuinuka pia.

Basi mimi nikatumia fani yangu. Profesa alipoingia kuoga nilichomoa kile kiboksi cha intaneti chenye taa, nikachukua mto wa kochi analolipenda, nikaufumua pembeni, nikakitia katikati ya sufi, nikaushona kwa mshono wa kuficha ambao hata mimi nikiutafuta siuoni. Dada yangu alipita akaniona. Akasimama kidogo, akasema, "Pembe hiyo imebonyea, isawazishe," akaendelea na safari yake.

Profesa alikitafuta kiboksi nyumba nzima, chini ya vitanda, ndani ya friji, mpaka nyuma ya zile televisheni marehemu. Alikuwa akichoka anakaa kwenye kochi kupumzika, kwenye mto uleule, anajisogezasogeza, anasema mgongo siku hizi unamsumbua. Akanunua bando. Maua ya asubuhi yakaingia kwa mpigo, yakalila lote kabla hajamaliza chai. Siku ya pili hivyohivyo. Mtu aliyezoea kuishi na dunia nzima mfukoni akabaki na sisi tu, na sisi tulikuwa hatumsemeshi. Kufika jioni akaja mlangoni kwangu kanywea, kofia mkononi.

"Mnataka niende lini?" akauliza.

Tulikwenda watatu, yeye, mimi na dada yangu. Njiani alikuwa anarudia radhi yake kwa sauti ya chini, na nilisikia neno "nadharia" likipita humo. Dada akamwambia, "Baba watoto, ukilitaja hilo mimi nashuka."

Nesi Mkuu ana baraza lenye benchi refu la mbao. Alituona dirishani, akatuacha tukae hapo. Ndani tunamsikia anapanga vikombe. Muda mrefu ukapita, halafu sauti ikatoka, "Anayefuata." Tukaangaliana, hatujui anayefuata ni nani, tukaingia wote kwa pamoja tukagongana mlangoni.

Sebule yake ni safi mpaka unaogopa kupumua. Akatuonesha viti. Profesa akasimama, akakunja mikono, akaanza. Alisema amekuja kwa moyo mkunjufu kuomba radhi kwa kilichotokea, na kwamba matamshi yale yalikuwa ya kitaaluma, na kwamba kimsingi neno ubabe, katika muktadha ule, ni sifa.

"Kaa," Nesi Mkuu akasema. Akakaa. "Mimi ni namba nne. Mama yenu namba mbili. Mdogo wangu namba sita. Wewe ni namba ngapi?"

"Mtafiti hana namba," Profesa akajibu.

"Wodini kwangu asiye na namba ni mmoja tu. Mgeni aliyepitisha muda wa kuona wagonjwa. Huyo tunamtoa."

Dada yangu akatazama dari. Nesi Mkuu akavaa miwani, akachukua simu yake, akaanza kupandisha mazungumzo kwa kidole. Alijitoa lakini hakufuta. "Mama yenu hapa aliumwa jino," akasema. "Mjomba wenu kampa pole. Mdogo wangu kampa dole gumba, si haba. Mimi nimemwambia asukutue maji ya chumvi. Wewe ni mkwewe, nyumba moja. Ulikuwa unafanya nini?"

Profesa akafikiri. Hajui kusema uongo, na hilo ndilo tatizo lake jingine. "Nilikuwa nahesabu hizo pole," akasema.

Hakuna aliyecheka. Dada yangu akamgeukia polepole, na nadhani hapo Profesa alijisikia mwenyewe alichosema, maana aliitazama mikono yake kama si yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa na hasira naye kooni na bado nikamwonea huruma, jambo lililoniudhi zaidi.

"Radhi yako siitaki, ni ndefu," Nesi Mkuu akasema. "Nirudishe kwenye grupu. Halafu uandike neno lako. Lako wewe, mtu. Nisione mtafiti humo, nisione mshiriki. Ukiandika nitasoma, nikishasoma nitasema langu kuhusu hawa watoto."

Hawa watoto ni mimi na Fundi.

Profesa akasema hana bando. Nesi Mkuu akachukua kikaratasi, akamwandikia nenosiri la intaneti yake, akamkabidhi kama dozi. Nesi Mkuu akarudishwa kwenye grupu, maandishi ya kijivu yakasema ameongezwa, na Profesa akaanza kuandika.

Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Mtu ana vitabu vitatu kabatini vyenye jina lake mgongoni, amekwama kwenye ujumbe wa simu. Na wakati anahangaika pale, kwenye simu za koo mbili, miji yote ile, neno moja lilikuwa linawaka juu ya kioo: anaandika. Grupu lilikuwa maiti tangu wiki ile, sasa ghafla bubu anaandika, na haachi. Simu ya dada ikalia, ni Mama. "Mume wako anaandika nini muda wote huu?" tukamsikia. "Mbona mnanitisha, kuna msiba?" Dada hajajibu, mjomba wetu akatuma kwenye grupu: Poleni sana, tumeupokea kwa mshtuko. Shangazi fulani wa upande wao akauliza mazishi ni lini. Fundi akatuma dole gumba, sijui la nini, nadhani vidole vilikuwa na grisi.

"Andika," Nesi Mkuu akasema, "kabla hawajachanga."

Profesa akafumba macho, akabonyeza. Simu zetu sisi watatu zikalia kwa pamoja mle sebuleni. Nikausoma.

Hamjambo wote. Hakuna aliyekufa. Samahani kwa ile sauti. Mama, pole kwa jino. Mimi kusikiliza nimezoea, kusema sijui. Shemeji yangu anampenda fundi. Siku anazokuja huwa anaimba akishona, nasikia ukutani, na tangu aache kuja haimbi, na nyumba imekuwa mbaya kukaa. Tunaomba mtupe fundi wenu.

Nilitamani kuingia chini ya zulia, nalo lilikuwa limetandikwa vizuri mno. Hivi tangu lini upande wa mwanamke ukaomba mume? Wao ndio wanaoomba, sisi ndio tunaojivuta, tunasema tutafikiri, tutawaita wajomba. Miezi yote hiyo nimejikausha, sijasema hata kwa dada yangu kwamba nampenda, halafu profesa mzima ananitangaza kwenye grupu lenye mashangazi. Sauti ya Mama ikaingia, na kwa mara ya kwanza ilikuwa fupi, haina hata kijiko. "Mkwe wangu, umetuvua nguo."

Baada ya hapo hakuna kitu. Tiki zikageuka buluu, moja baada ya moja, na hakuna aliyejibu.

Profesa alikuwa ameikodolea macho simu. Jasho limemtoka puani. "Wamesoma," akasema. "Shemeji, wote wamesoma. Mbona hawajibu?" Hii ni sauti ambayo sijawahi kuisikia upande wowote wa ukuta. "Nimekosea? Nimeandika vibaya? Mbona hata mmoja hajibu?"

Nami nilikuwa nauliza hivyohivyo moyoni.

Nesi Mkuu alikuwa amekaa umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwangu, miwani puani, anausoma ujumbe ule. Akaumaliza, akaurudia. Hakusema kwa mdomo. Akanyoosha kidole kimoja, akaanza kubonyeza herufi moja moja, na sisi watatu, ambao tungeweza kumgusa, tukainamia simu zetu kumsubiri. Anaandika. Akaacha. Anaandika. Dada yangu alinishika mkono mpaka pete yake ikaniuma.

Likaingia neno moja.

Mchukueni.

Profesa akaiweka simu mapajani, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumcheza. Mkewe akampitishia kitambaa bila kumtazama. Mimi sikulia. Nilikuwa nasoma neno lile tena na tena nikitafuta kama lina "lakini" mahali, na bado nalitafuta hivyo simu ikaanza kutetemeka mkononi mwangu. Ni Fundi anapiga. Hajawahi kunipigia mchana, akiwa kazini. Nikaitazama inavyotetemeka, nao wote wananitazama, na kidole hakitaki kwenda.

"Pokea, wifi," Nesi Mkuu akasema, "kabla Profesa hajakupokelea."